Msaidizi wa Nahodha Aomba Hifadhi Kakuma

Jumamosi moja ya Machi 2013, saa tisa alasiri, katika kibanda cha video cha Mama Nekesa pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma, meli ilikuwa inazama kama kawaida. Kuany alishika maikrofoni, akiwatafsiria watazamaji, na sauti zote, za wanaume, wanawake na kasuku, alizitoa yeye. Mkewe, Ajok, aliketi benchi la nyuma na binti yao.

Filamu hiyo waliijua wote. Msaidizi wa nahodha anaruka baharini na kuwaacha abiria, kisha nusu ya pili anarudi kuwaokoa na watu wanampigia makofi. Kila alipofika pale pa kuruka, Kuany alitangaza, "Huyu anaenda kuita msaada!" Ndivyo alivyojitetea pia kuhusu mto waliouvuka mwaka uliopita wakikimbia vita. Yeye alitangulia kuvuka, mikono mitupu. Ajok alivuka mkono mmoja ukiwa kwenye kamba, na watoto walikuwa wawili. Alifika ng'ambo na mmoja. Hakumdai mumewe machozi. Alitaka tu akiri kwamba aliogopa.

Siku hiyo msaidizi wa nahodha aliruka, akatoka kwenye televisheni na kuangukia sakafuni mbele ya benchi la kwanza, ameloa chapachapa. Watu walivuta miguu.

"Ejok," akasalimu kwa Kiturkana. "Mimi sikuenda kuita msaada. Niliogopa."

Alisema kwa sauti ya Kuany, maana hakuwahi kupewa nyingine. Ajok alilisikia lile neno alilolingojea mwaka mzima, kwa sauti ile ile, likitoka kwenye kinywa cha mtu mwenye ndevu nyekundu. Lilimuuma kuliko kimya.

Mama Nekesa hakuwa na muda wa toba za watu. "Wewe rudi ndani, picha iendelee."

"Sirudi, mama."

"Basi Kuany aingie. Si yeye anajua maneno yote?"

Kuany alitazama mlango. Ajok alikuwa ameshasimama hapo. Basi Kuany akavua kandambili, akaingia kwenye televisheni, bega moja kwanza.

Ajok alimwomba Mungu mumewe safari hii asiruke, na hakumwomba tena kuhusu jambo hilo. Kwenye sitaha abiria walimng'ang'ania Kuany shati. Mama mmoja akamnyooshea mtoto. Kuany akamtazama mtoto vizuri tu, kisha akaruka.

Jioni alipiga simu kutoka mji wa Lodwar, ambako kibanda kingine kilikuwa kinaonyesha filamu hiyo hiyo. Alikuwa salama, wenyeji wakarimu, na kazi ya kutafsiri ameshapata. Aliomba atumiwe kandambili kwa basi. Ajok alizituma.

Msaidizi wa nahodha alijiandikisha kambini. Karani alipouliza sababu ya kukimbia, alijibu "woga". Fomu haikuwa na nafasi ya hiyo, akawekwa kwenye "mengineyo".

Filamu haina nusu ya pili tena. Meli inalala ubavu, abiria wanapunga mikono, harudi mtu. Wateja huguna, hujikung'uta vumbi na kwenda zao. Ajok hubaki benchini, akimwelekeza yule mama wa kwenye meli namna ya kumhamisha mtoto mkono huu na ule, mpaka mafuta ya jenereta yaishe.