Kikaratasi Chini ya Nge

Tuliingia ukumbi wa mashindano ya picha saa nne asubuhi, mume wangu amebeba picha, mimi nimebeba kifaa. Ndivyo tunavyogawana siku zote: yeye kinachotazamwa, mimi kizito.

Kifaa chenyewe ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba ya mlango, na bolti ndefu inayozisukuma ziachane. Kamera hukaa juu. Dunia haitulii, kwa hiyo ukiacha kamera wazi dakika nane bila kuisogeza, nyota zinatoka mistari mistari. Lazima mtu azungushe ile bolti polepole, robo mzunguko kila sekunde kumi na tano, bila kuitikisa. Mtu huyo ni mimi. Mume wangu anapiga picha za pasipoti, mkono wake haujui subira. Mimi ni fundi cherehani; gurudumu la cherehani ya mkono nimelizungusha tangu nina miaka kumi.

Miezi mitano nilipiga magoti nyuma ya nyumba huku nahesabu kimoyomoyo, yeye kakaa kitini anakunywa chai na kunionya nisipige chafya. Picha kumi na mbili ziliharibika. Ya kumi na tatu akatoka Nge mzima, lile kundi la nyota, kuanzia magando mpaka mwiba wa mkia, kila nyota imekaa nukta. Nililia. Mume wangu akanishika mabega.

"Mke wangu, kwenye maonyesho jina lako litakaa ubavuni mwa langu. Haki ya Mungu."

Nikashona gauni jipya kwa ajili ya jina hilo. Nalisema bila haya.

Sasa pale ukumbini, kikaratasi cha chini ya picha kilikuwa kimeshachapwa. Jina lake, kwa herufi kubwa. Chini yake: "Kifaa: mbao, bawaba, bolti na mota ndogo."

"Mota ipi?" nikamuuliza.

"Usianze," akanong'ona. "Watu wanapenda mambo ya kitaalamu. Nikiandika mke ndiye anazungusha, si watanicheka?"

Sikupata nafasi ya kumjibu inavyomstahili. Kiongozi wa majaji, mwalimu wa fizikia mwenye miwani minene, alikuwa ameshafika na wenzake wawili.

"Tuonyeshe hiyo mota," akasema.

"Imeungua juzi," mume wangu akajibu, hata jasho halikumtoka.

"Basi zungusha kwa mkono, tuone mwendo wake."

Akaishika bolti, akaizungusha upande usio wake. Mbao zikabanana. Mwalimu akakunja uso. Mume wangu akanitupia jicho, lile lile analonitupia akikosa soksi zake.

Ningeweza kumwacha. Ningempa kisogo nikaangalie picha za wengine, naye aumbuke mpaka kieleweke. Badala yake niliweka mkoba chini, nikapiga magoti na gauni langu jipya. Nikazirudisha mbao, nikaanza. Robo mzunguko. Nikahesabu. Robo tena. Mwalimu akaitazama saa yake, akanifuatilia dakika tatu nzima. Sikukosea hata sekunde moja.

"Mama, umejifunza wapi wewe?"

Kabla sijafumbua mdomo, mume wangu akadakia, "Nimemfundisha mimi."

Watu wakapiga makofi.

Yule mwalimu alikuwa mtu mwema, nitampa haki yake. Alisema si vizuri kazi kama hiyo ipite hivi hivi. Akachomoa kalamu mfukoni, akainama, akaandika kitu baada ya jina la mume wangu. Moyo ulinienda mbio kama wa msichana. Nikasogea kusoma.

"Na mkewe."

Majaji wote watatu walikuwa wananitazama, wanasubiri nifurahi. Nikasema asante. Nilisema mara mbili.