Benchi Lenye Msumari

Ngwaa. Ngwaa. Ngwaa. Niliisikia kabla sijaliona kanisa, kabla hata sijaiona barabara vizuri, maana ukungu wa Julai ulikuwa umelala juu ya misitu ya misindano na dereva wa bodaboda alikuwa anaendesha kwa kukisia.

"Kengele yenu inalia vizuri, kaka," akasema.

Ile si kengele, ni rimu ya lori. Niliileta mimi kutoka Makambako Krismasi iliyopita, na siku ilipotundikwa waliniita mbele wakaniombea. Wazee sita waliniwekea mikono kichwani, mmoja wao baba yangu. Elina alikuwa amekaa benchi la nyuma kabisa, la waliotengwa, mtoto wangu mapajani. Sikugeuka kumtazama.

Wote walijua. Hilo ndilo linalonichemsha damu mpaka leo. Mtoto ana masikio yaliyochomoza kama yangu, kama ya baba, kama ya babu. Kanisa zima liliyaona masikio yale, likafumba mdomo, likapokea rimu.

Miaka mitatu iliyopita Elina aliponiambia ana mimba, nilimwomba anipe wiki mbili. Nikapanda lori la mbao kwenda Makambako, nikabadili laini ya simu. Wazee walimwita mara tatu amtaje mwanaume, na mara zote tatu aliwajibu hivyohivyo: "Niliyekosa hapa ni mimi. Huyo mwingine ana mdomo wake." Wakamtenga. Marufuku meza ya Bwana, marufuku kwaya, na mtoto asibatizwe mpaka mama arudi kundini.

Alhamisi dada yangu Flora alinipigia simu. "Jumapili Elina anarudi kundini, na Jasmine anabatizwa hapohapo. Kwenye cheti, pale kwenye jina la baba, watapiga mstari."

Nilikuwa napakia mbao. Ile iliyokuwa begani niliitupa chini mpaka wenzangu wakaruka. Mstari! Kana kwamba mtoto ameokotwa stendi! Nikamtukana mchungaji moyoni, nikawatukana wazee, nikamtukana hata Flora. Ilinichukua mpaka Jumamosi kutambua ni nani aliyekuwa wa kwanza kuupiga mstari ule.

Ndiyo maana nilikuja.

Nilimkuta Elina nyuma ya kanisa, anamfuta Jasmine umande miguuni kwa ncha ya kanga.

"Kamwene," nikamsalimu.

Aliendelea kumfuta. "Umekuja kusikiliza rimu yako?"

"Nimekuja kusimama na wewe."

Alicheka, kicheko kifupi, kikavu. "Na mimi? Leo? Nimekaa pale miaka mitatu, wewe unawaletea wenzako chuma. Leo ndiyo siku yangu ya kutoka, halafu unakuja kujibandika! Hapana, Edson. Wasije wakasema nimepokelewa kwa sababu mwanaume amejitokeza."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Si ndiyo kazi unayoiweza?"

Jasmine alinitazama juu mpaka chini. "Mama, huyu nani?"

"Mleta kengele," Elina akasema, akamshika mkono, wakaingia ndani.

Nilibaki pale nikiwa nawaka. Mleta kengele! Baba akanikuta hapo, amevaa koti lake la uzee wa kanisa.

"Edson, mwanangu, pita mbele. Nimekuwekea nafasi."

"Baba, leo najitaja."

Alinikamata mkono wa shati. "Usiniaibishe. Mambo yameshapoa. Binti anapokelewa, mtoto anabatizwa, wewe una jina zuri hapa. Unataka nini tena?"

"Jina zuri! Nililipata kwa rimu, baba. Na wewe ulijua."

Alitazama pembeni. "Nilijua. Nilikuwa nakulinda."

"Na Elina alilindwa na nani?"

Aliniachia shati. Nikaingia ndani.

Ibada ilipofika mahali pake, mchungaji alimwita Elina. Alitoka nyuma peke yake, hatua kwa hatua, kanisa lote shingo zimegeuka. Aliulizwa maswali, akayajibu kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. Kwaya ikaimba, akina mama wakamkumbatia, wale wale waliokuwa wakivuka upande wa pili wa njia wakimwona. Nilisaga meno. Kisha Jasmine akabatizwa. Maji yalipomgusa alisema, "Ya baridi!" na watu wakacheka. Elina akaketi naye benchi la mbele.

Nilingoja mpaka akaketi. Lake lilikuwa limekwisha, hakuna ambaye angeweza kumpunguzia kitu. Hapo nikasimama.

"Mchungaji, naomba kusema."

"Matangazo bado, Edson," akasema, na watu wakatabasamu. Walidhani nimeleta zawadi nyingine.

"Sina tangazo. Mimi ndiye baba wa Jasmine. Nilimkimbia Elina. Miaka mitatu mmemkalisha yeye kule nyuma, na mimi mkaniombea hapa mbele. Sasa nataka nikae alipokaa."

"Keti, Edson!" Baba alikuwa amesimama.

"Naenda kuketi, baba."

Nilitembea mpaka benchi la nyuma. Viatu vyangu vilisikika kila hatua. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyenikumbatia, na nilipojisogeza ukutani nikasikia suruali inachanika.

Baada ya ibada mchungaji aliniambia kwa ufupi: mafundisho ya miezi sita, kila Jumapili, kisha tutaona. Nikatoka nje. Elina alikuwa pale chini ya rimu na Jasmine.

"Umechana suruali."

"Kuna msumari."

"Upande wa ukutani. Huo umenimalizia sketi mbili." Hakutabasamu. "Kaa upande wa dirishani, ingawa kuna baridi."

"Nitatafuta nyundo niung'oe sasa hivi!"

"Uache. Ukae nao kwanza."

Nikakubali, jambo lililoniuma kuliko msumari.

"Usidhani nimekusamehe," akasema.

"Sijadhani."

"Nimemwambia mchungaji asipige mstari kwenye cheti. Aache pale wazi mpaka Januari. Ukikosa Jumapili moja, Edson, moja tu, nitaupiga kwa mkono wangu."

Kiburi kilinipanda kooni. Nilitaka kumwambia malori hayajui Jumapili, na mwenye mzigo hangojei mtu. Nikakimeza. Nilichuchumaa mbele ya Jasmine, masikio yangu na masikio yake yakatazamana.

"Jasmine, nitakuja Jumapili ijayo."

"Sema kwa sauti," Elina akasema. "Wazee wapo mlangoni, na baba yako yumo."

Nikasimama, nikasema mpaka ukungu ukanirudishia sauti:

"Jasmine! Nitakuja Jumapili ijayo, na inayofuata, na zote mpaka Januari. Nitakaa kwenye benchi lile mpaka mama yako aseme basi. Na siku nikitoka pale, msumari ule nitaung'oa, usije ukamchania mtu mwingine!"