Bustani ya Chini ya Tangi

"Makumbusho?" binti akauliza.

"Kiingilio kimepanda."

"Kwenye wanyama?"

"Nauli tu inatutoa roho."

"Bwawa la kuogelea?"

"Hilo wanalikarabati tangu uko tumboni."

Mfuaji, mama yao, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, vidole vimechujuka kwa dawa ya mashuka ya hospitali, akikata majina aliyoyaandika nyuma ya ratiba ya shule. Likizo ilikuwa wiki ya tatu. Joto lilikuwa limehamia chumbani kama mgeni asiyeaga, na watoto walikuwa hawajavuka geti la ua. Yeye alipewa mapumziko siku moja katika wiki mbili, na siku yenyewe ilikuwa leo.

"Twende tukapande lifti ya kioo," akadakia mdogo, waliyemwita Kipusa.

"Mwaka jana si walitufukuza?" Mfuaji akasema.

Ikabaki bustani mpya ya manispaa. Redioni walisema ni bure kwa kila familia.

Mumewe, mchomelea vyuma, alikuwa anafunga kamba za viatu vya kazi. "Wapeleke kwingine," akasema bila kuinua kichwa.

"Kwingine wapi, mwenzangu? Nitajie hata mahali pamoja."

Akatoka, akaiacha chai yake ikiwa bado inafuka moshi mezani.

Mama mkwe akasema naye anakwenda, amechoka kuangalia ukuta. Bustani ilikuwa imepewa jina la mkubwa fulani, kwa hiyo jina halikumwambia iko upande gani, naye hakuuliza.

Walifika jua limeshakaza. Getini mlinzi alifunua kapu la Mfuaji: mkate, ndizi mbivu, chupa ya chai.

"Chakula cha nje hakiingii, mama."

"Redio imesema bure."

"Kuingia ni bure. Kula kuna mgahawa pale ndani."

Mfuaji aliusoma ubao wa bei akiwa pale pale getini. Maji peke yake yalikuwa na bei ya kushinda mkate wao mzima. Akaliacha kapu chini ya benchi la mlinzi, akawasukuma watoto mbele.

Kwa kweli palipendeza. Vijia vilinyooka, nyasi zilikatwa kama nywele za mwanajeshi, na mabomba ya kumwagilia yalizunguka yenyewe yakitema maji. Watoto wakaanza kukimbia. Hatua chache baadaye Mfuaji akagundua kwamba mama mkwe hayupo ubavuni mwake.

Alikuwa amesimama nyuma, anaangalia kilimani. Juu ya kilima palikuwa na tangi la maji la zege, limeingia ufa mmoja mrefu uliopinda kati.

"Mama, umechoka? Tukae?"

"Ule ufa," mama mkwe akasema, "nilikuwa nauona kila asubuhi nikifungua dirisha."

Mfuaji alipoolewa, mumewe alimwambia mtaa aliozaliwa ulivunjwa. Hakuwahi kusema ulikuwa wapi, na yeye hakuwahi kuuliza, maana kila ulipotajwa mtaa huo mume alikuwa anatoka nje.

Mama mkwe akaacha kijia, akaingia kwenye nyasi. Alitembea polepole lakini hakutafuta njia. Alipinda kushoto mahali pasipo na kitu cha kumpindisha, akajibana bega kama anayepita kwenye uchochoro, kisha akasimama mbele ya nguzo ya taa na kuinamisha kichwa.

"Umeamkaje, jirani," akasema.

Binti akamshika mama yake mkono. "Mama, Bibi anaongea na nani?"

"Sijui, mwanangu. Mfuate tu."

Wakamfuata. Mfuaji alijikuta naye anapinda palepale alipopinda mkwewe, anajibana bega palepale, kana kwamba akipita moja kwa moja atagonga ukuta wa mtu. Bomba la karibu lilinyamaza ghafla. Kukawa kimya kiasi cha kusikia nyasi zikidondosha maji.

Mbele ya kitalu cha maua mekundu mama mkwe akasimama. "Vueni viatu," akawaambia watoto. "Mnaingia ndani."

Kipusa akavua mara moja, yeye mambo ya namna hiyo hayamsumbui. Binti akamwangalia mama yake kwanza. Mfuaji akavua vyake.

Wakakaa. Mama mkwe akafungua fundo kwenye pindo la mtandio wake na kutoa mayai manne ya kuchemsha.

"Bibi! Umempitaje yule mlinzi?"

"Nani ampekue kizee?" Akacheka, akaligonga yai moja kwenye goti. Kisha akaonyesha kwa kidevu. "Pale baba yenu alilala na dada zake. Hapa nilipika. Babu yenu alikuwa mgonjwa siku waliyokuja na mashine, tukamtoa na kitanda chake. Tukamweka pale penye nguzo."

"Halafu?" binti akauliza.

"Akasubiri gari la kutuhamisha. Walisema linakuja. Alisubiri siku tatu, na mvua. Gari likaja siku ya nne, yeye keshatutoka."

Mfuaji alimenya yai na kumpa Kipusa.

Filimbi ikalia. Mlinzi alikuja mbio, nyuma yake msimamizi mwenye daftari kubwa kwapani.

"Nyasi hizi hazikaliwi! Bango hamkuliona? Na chakula mmeingiza! Inukeni."

"Tunamaliza," Mfuaji akasema. Alishangaa kusikia sauti yake haina ombi ndani yake. Hospitali alizoea kusema samahani hata kabla hajakosea.

Mama mkwe akapiga magoti, akaanza kuokota maganda, moja moja, mpaka vile vipande vidogo kama kucha. Kisha akaanza kufagia nyasi kwa kiganja, kutoka ndani kuelekea nje.

"Acha, bibi, kuna wafagiaji," mlinzi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Safari ile hawakunipa nafasi ya kufagia."

Msimamizi akafungua daftari la wakosaji. Akamwandika jina, akamwandika umri, mama mkwe akijibu akiwa bado anafagia.

"Unakaa wapi?"

"Hapa."

"Nauliza makazi, bibi. Nyumbani."

Akakipiga kiganja chini, mara mbili, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kukaa. "Hapa."

"Hapa ni bustani. Hakuna mtu anakaa hapa."

"Andika alivyosema," Mfuaji akasema. "Wewe si umeuliza? Amekujibu."

Msimamizi akamtazama Mfuaji, akatazama miguu yao mitupu na viatu vilivyopangwa vizuri pembeni ya maua. Kalamu ikasita. Halafu akaandika neno moja, akapiga mstari chini yake, akamgeuzia mama mkwe daftari atie kidole gumba.

Binti akachungulia. Alikuwa msomaji mzuri, wa kwanza darasani.

"Bibi," akasema, "ameandika 'hana'."