Karata za Kituoni

La, karata hazikuwa za marehemu. Zilikuwa za Nedyalka mwenyewe, zimechakaa hadi tisa ya shupaza unaijua kwa mgongo wake. Marehemu walikuja mikono mitupu, sasa wangezitoa wapi?

Ngoja nianze vizuri. Nesi wa mjini alikuja kijijini kwetu mara moja, akatukusanya kituo cha basi cha mtaa wa juu, wa bondeni kwa gari lake, sisi wazee kumi na mmoja tuliobaki. Akasema ubongo ni kama goti, usipoukunja unakauka. Tembea kila siku. Lala mapema. Kula maharage, mboga, jozi, zile kokwa za ganda gumu. Jifunze kitu kipya. Na usikae peke yako, ongea na watu, cheza nao.

Nedyalka alikuwa na miaka themanini na mbili, na yote aliyashika. Asubuhi alipanda hadi kisimani akarudi. Alivunja jozi tano, hazidishi. Alijifunza neno moja la Kijerumani kila siku, maana mwanawe Plamen yuko kule mwaka wa ishirini na sita, na wajukuu hawajui lugha nyingine. Likabaki hilo la watu. Mchezo wetu wa karata unataka wanne, na mtaa wa juu walikuwa wamebaki yeye na jirani yake Kera. Sisi wa bondeni magoti hayapandi.

Sasa pale kituoni, kama kila mahali kwetu, ukutani kuna matangazo ya msiba. Picha, jina, umri, na kila mwaka yanabandikwa upya ili mtu asisahaulike. Siku moja ya Machi, Nedyalka na Kera wamekaa pale na karata, Tanyo, marehemu mume wa Nedyalka, akashuka kwenye tangazo lake, akakung'uta gundi mabegani, akakaa. Akafuata Zlatan fundi viatu. Tangazo lake lilikuwa limenyeshewa, kwa hiyo shavu moja halikuwepo.

"Gawa bwana," Zlatan akasema. "Miaka sita nimesimama pale."

"Na wewe Tanyo, unacheza?" Kera akauliza.

Tanyo akatikisa kichwa, kulia, kushoto, vile tunavyokubali sisi sote. Akagawiwa.

Wakacheza kila mchana mpaka Septemba. Ikifika saa kumi waliokufa wanarudi ukutani. Nedyalka alikumbuka kila karata iliyotoka.

"Uru zimekwisha, Zlatan. Usinifanye mtoto."

"Huyu mama ana daftari kichwani," Zlatan alilalamika.

Plamen akaja pale kituoni na gari la kukodi na karatasi moja. Mjini kuna nyumba ya wazee. Ukionekana akili imekutoka wanakuchukua kabla ya theluji, na kwako kunafungwa. Maswali yako kwenye karatasi, na majibu anajaza mtu wa familia.

"Baba," akasema, "bado unacheza vibaya?"

"Salimia mama yako."

"Wajukuu wako wapi?" Nedyalka akauliza. Maneno yake mia mbili ya Kijerumani yalikuwa tayari mdomoni.

"Wana shule, mama." Akatoa kalamu. "Unajua leo ni siku gani?"

Nedyalka alikuwa ameshatia jozi ya nne mdomoni. Akatikisa kichwa, kulia, kushoto. Plamen akaandika.

"Unajua hapa ni wapi?"

Akatikisa tena. Plamen akaandika.

"Na mimi, unanijua ni nani?"

Jozi ilikuwa imekwisha, angeweza kusema. Lakini mama gani atalijibu swali hilo kwa maneno? Akamtazama, macho yakajaa maji, akatikisa kichwa kwa nguvu mara tatu. Plamen akaandika hapana, kama zile mbili za juu, akatia saini.

Kera akachungulia ile karatasi. "We Plamen, mama yako kasema ndiyo. Umesahau hata kichwa cha kwenu kinavyokubali?"

Plamen akaikunja karatasi.

"Nimeandika kwa wino, mama Kera," akasema. "Na kesho nina ndege."

Tanyo alipanga karata zake upya, ingawa zilikuwa zimepangwa.

"Huko mjini," Zlatan akauliza, "wanaruhusu kubandika ukutani?"

"Kuta zimepakwa rangi mpya," Plamen akajibu.

"Basi," Nedyalka akasema, akafunga karata kwa uzi, akaziweka kwenye mfuko wa aproni. "Chakula kinapoa."

Saa kumi ilipita, ila siku hiyo marehemu hawakurudi ukutani. Wote watano wakapanda hadi nyumbani kwa Nedyalka, wakakaa mezani. Kulikuwa na supu ya maharage, mkate, na pilipili hoho za kuchoma. Tanyo na Zlatan waliinamia bakuli zao wakala mvuke. Kera, kwa hasira zake, alikuwa amepakua bila kutia chumvi.

"Mwanangu, chumvi imetosha?" Nedyalka akauliza.

Plamen akatikisa kichwa, kulia, kushoto.

Kopo la chumvi likabaki pale lilipokuwa, mbele ya mama yake, na wote wakala.