Upepo wa Tairi za Nyuma

Kabla hajaushika usukani ule wa plastiki, Mzee Mincho alifuta viganja vyake kwenye suruali, kimoja kimoja, taratibu. Ana miaka sabini na minane, na bado hagusi gari kwa mikono michafu, hata kama gari lenyewe ni picha tu kwenye skrini kubwa ya jumba la usomaji la mji wetu, Gabrovo. Tulikuwa watu arobaini na kitu, tumekaa kwenye viti vya mbao mbele ya jukwaa, mvua ya Novemba ikigonga madirisha. Wengine walicheka. Mimi sikuweza. Gari alilokuwa anakwenda kuliendesha nililipanga mimi, na ndani ya mpangilio ule mlikuwa na kitu chake nilichokiiba.

Naitwa Iskra. Kwa riziki, nalinganisha magurudumu ya magari ya watu katika gereji iliyo nyuma ya kiwanda cha zamani cha ngozi. Kwa fahari, na sioni haya kulitaja neno hilo, napanga magari ya mchezo wa mbio. Mchezo hukupa gari kisha hukuachia wewe uamue: tairi zijazwe upepo kiasi gani, springi ziwe ngumu au laini, magurudumu yainame vipi, breki zikamate zaidi mbele au nyuma. Ukimaliza unaupa mpangilio wako jina na kuuweka hadharani, na mtu aliyeko Brazili anaupakua na kuendesha gari ulilolipanga wewe jikoni kwako. Gari langu la Lada la kupandia mlima, lile la zamani lenye umbo la kasha, lilikuwa limepakuliwa mara elfu arobaini na moja. Elfu arobaini na moja! Ukiwakusanya watu wote wa mji wetu, na vichanga ukawahesabu, utawazidi hao kwa wachache tu.

Lakini mchezo una kufuli. Unaweza kumruhusu mtu aendeshe gari bila kumwonyesha nambari hata moja, na mimi kufuli hilo nililitumia kila mara. Kuleni, jikoni msiingie. Sisi watu wa Gabrovo ndio tunaosemwa kwamba huwakata paka mikia ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi, joto lisipotee, basi nani angenishangaa? Watu waliniandikia wakinibembeleza. Wengine walilalamika kwamba gari linatikisa mkia kwenye kona ya nne. Niliwajibu kwamba Lada ndivyo lilivyo, na asiyeliweza akachukue basi.

Ukweli ni kwamba ubahili ulikuwa kisingizio. Mwaka 1993 nilikuwa na miaka kumi na tisa, msichana pekee katika karakana ya Mzee Mincho, aliyekuwa na Lada jekundu ambalo mji mzima ulilitambua kwa mlio. Nambari zake aliziandika kwenye daftari la jalada la kijani, daftari likafungiwa kwenye droo, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwake pamoja na msalaba. Wavulana aliwafundisha kwa maneno. Mimi nilipouliza, aliniambia nishike taa. Siku moja ya mashindano, kwa haraka zake, aliiacha droo wazi, nami nikanakili mistari minne kwenye karatasi iliyokuwa imefungiwa soseji: tairi, springi, mwinamo, breki. Mwaka uliofuata mambo yaliharibika, karakana ikafungwa, gari likauzwa. Karatasi nikabaki nayo.

Mchezo ulipotoka na Lada ndani yake, niliitoa karatasi ile. Mwinamo na breki nilivibadilisha, nikajaribu mamia ya mara, maana mlima wa kwenye skrini si mlima wa kweli. Upepo wa tairi za nyuma na springi za mbele sikuvigusa. Kitu ulichokiokota njiani utakikagua. Ulichokiiba kwa fundi wako unakiheshimu kama mfupa wa mtakatifu. Hivyo nikawa wa tatu duniani kwenye mlima ule, na wa tatu nikabaki, miezi kumi na minne, nikifuta mavumbi ya wawili walionitangulia.

Mashindano haya aliyaandaa Genoveva, mkutubi wetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuamrisha farasi. Aliweka sharti moja tu: kila atakayeshindana aache mpangilio wake wazi, nambari zote, wenzake wajifunze. "Hii ni nyumba ya kusoma," alisema. "Hapa hatufungi kitabu kwa kufuli." Kisha, kana kwamba hilo halitoshi, akamwalika Mzee Mincho awe mgeni wa heshima.

Nikaona nimebanwa. Nikifungua, Mincho atazisoma nambari zake mwenyewe kwenye skrini yenye upana wa ukuta, na mji wote utajua kwamba Iskra ni mwizi. Nisipofungua, sitashindana nyumbani kwetu kwa gari linalojulikana duniani kote. Nilichagua kukaa kando. Nilimwambia Genoveva gari langu liwepo kwenye orodha, anayetaka aliendeshe kwa kujifurahisha, ila likiwa limefungwa.

"Iskra, hata chumvi hukopeshi?" jirani yangu alinichokoza kutoka kiti cha nyuma.

"Chumvi nitakupa. Sufuria ndiyo sikupi."

Walicheka, na nadhani ningeondoka salama kama Mzee Mincho asingesimama na kusema anataka kujaribu. Genoveva alimwonyesha orodha ya magari. Yule mzee alivuta miwani, akasoma, akaweka kidole kwenye skrini.

"Hili hapa. La msichana wangu."

Nina miaka hamsini na mmoja.

Mara ya kwanza alipanda mlima mita mia mbili akaingia kwenye uzio, na ukumbi ukapiga makofi. Mara ya pili alifika kona ya tatu, akatukana kidogo, akaomba msamaha kwa Genoveva. Mara ya tatu mikono yake ilikumbuka. Niliona mabega yakishuka, viwiko vikikaa karibu na mbavu, jinsi nilivyomwona akikaa ndani ya gari jekundu nilipokuwa nikimshikia taa. Alipita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, safi kabisa. Kwenye ya nne gari likatikisa mkia.

Mzee Mincho akakanyaga breki. Akalisimamisha gari katikati ya barabara, jambo ambalo hakuna mtu anayelifanya katika mchezo ule, akauachia usukani.

"Tairi za nyuma," akasema. "Upepo umezidi. Nukta moja."

"Umejuaje, Mzee?" Genoveva aliuliza. "Nambari zimefungwa."

"Nambari zimefungwa. Macho na mikono yangu havijafungwa." Ukumbi ukacheka, lakini yeye alikuwa ameshageuka kunitafuta. "Njoo hapa, msichana."

Nilipanda jukwaani. Aliinama kidogo, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Moja nukta tisa."

Niligeuka kuitazama skrini: kufuli lilikuwa bado mahali pake.

"Mimi natia moja nukta nane. Tangu siku ya kwanza hadi siku nilipoliuza. Moja nukta tisa niliiandika mahali pamoja tu katika dunia hii."

"Kwenye daftari la kijani," nikasema.

"Kwenye daftari la kijani."

"Kwa nini uandike uongo kwenye daftari lako mwenyewe?"

"Nilimwandikia mwizi. Wale wapinzani wetu wa mji wa jirani walikuwa hawaishi kuzungukazunguka karakana. Nikasema, haya, chukueni, mkatikise mkia mlima mzima." Alicheka kwa pua, kisha akaacha. "Wavulana niliwaambia: mkisoma daftarini, toeni nukta moja."

"Mimi hukuniambia."

"Wewe sikukuambia. Sikudhani utaihitaji."

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Miaka thelathini na miwili nilikuwa nimeiweka aibu ile tayari, na sasa ilipofika zamu yake, kilichopanda kifuani kilikuwa hasira. Maneno yake machache yale yaliniuma kuliko kama angeniita mwizi mbele ya watu wote.

"Ningeambiwa, nisingeiba," nikasema.

"Ungeomba."

"Niliomba, Mzee. Ulinipa taa."

Watu chini walikuwa wameacha kucheka, wakijaribu kusikia. Mzee Mincho alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akaivaa tena, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo pembeni.

"Na uongo wangu tairini," akauliza, "wewe umekuwa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Hapa mjini?"

"Duniani."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza nimeingia mlangoni. Kisha akawageukia watu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile ya karakana, ya kushindana na injini.

"Mnasikia? Huyu nilimfunga mguu mmoja kabla hajaanza kukimbia, na bado amekuwa wa tatu duniani! Ni kazi ya mikono ya Gabrovo hiyo!"

Hakuna aliyeelewa, lakini walipiga makofi, maana sisi hatuhitaji sababu kubwa ya kujipigia makofi. Nami nilisimama pale nikiwa na uchungu na fahari vimechanganyika hata sikujua niweke wapi mikono. Nikaona kwamba nikikaa kimya sasa, nitashuka jukwaani na nusu tu ya jambo.

"Nambari niliziiba kwenye daftari lake," nikawaambia. "Nikiwa na miaka kumi na tisa. Ndiyo maana gari langu huwa limefungwa."

Jirani yangu aliinuka kwenye kiti ili anione vizuri.

"Rekebisha," Mzee Mincho akaninong'oneza. "Toa ile nukta. Sasa hivi, nione."

Ili kuitoa ilibidi kufungua ukurasa wa mpangilio, na ukurasa huo ungeonekana ukutani, kila mstari. Genoveva alilielewa hilo kabla yangu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Nizime skrini, Iskra?"

"Zima!" Mzee Mincho akadakia. "Unangoja nini? Watazichukua zote!"

Nilizitazama nyuso zile. Kulikuwa na dereva wa lori la maziwa, walimu wawili, mafundi wa gereji nyingine ambao kesho wangenipita barabarani kwa honi. Nilifikiri juu ya wale elfu arobaini na moja waliokuwa wakitikisa mkia kwenye kona ya nne na kuamini kwamba makosa ni yao. Mimi nilikuwa nimewafanyia kile nilichofanyiwa. Niliwapa taa waishike.

"Iache," nikasema.

Kufuli likafunguka kwa mlio mdogo, na nambari zangu zikatandazwa ukutani mbele ya mji mzima. Simu zikainuliwa kama mishumaa ya Pasaka. Mzee Mincho alifunika uso kwa kiganja, lakini niliona jicho moja likichungulia kati ya vidole, likisoma mwinamo, likisoma breki, mistari niliyoipata mwenyewe.

"Mwinamo huu umeutoa wapi?" akauliza.

"Kichwani mwangu."

"Hm," akasema. Katika miaka yote ile karakanani, sijawahi kumsikia akimpa mtu "hm" ndefu kiasi hicho.

Nilishusha moja nukta tisa ikawa moja nukta nane, nikakaa, nikafuta viganja kwenye suruali. Sina mengi ya kusimulia juu ya mbio zenyewe. Nilipofika kona ya nne mikono yangu ilijiandaa kwa ule mtikiso, kwa mazoea, na mtikiso haukuja. Gari lilipita kimya kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Nilikaribia kuingia kwenye uzio kwa mshangao tu. Kisha nikakanyaga mafuta hadi kileleni, na saa ilipoganda, jina la mji wetu lilikuwa mstari wa kwanza wa orodha ya dunia. Hapakuwa na mtu juu yake.

Kelele za pale sitazisahau. Genoveva alipiga mluzi kwa vidole viwili, mkutubi mzima. Jirani yangu alipanda juu ya kiti akitangaza kwamba mimi na yeye tunapakana ukuta. Nililia kidogo, na sikujificha.

"Uupe mpangilio jina jipya," Genoveva akasema mayowe yalipopungua. "Ule wa zamani uufute."

Niliandika polepole ili herufi zionekane: Mincho na Iskra, Gabrovo. Chini yake nikaandika kwamba nambari zote ziko wazi, na walioonewa kwenye kona ya nne wanisamehe. Mzee Mincho aliyasoma maneno yale mara mbili, midomo ikicheza.

"Jina langu umelitanguliza."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Bure? Mtu anachukua bure kabisa?"

"Bure, Mzee."

Alitikisa kichwa kama mtu anayeona mkate mzima ukitupwa mtoni. Lakini hakushuka jukwaani. Alibaki ameutazama ukuta, na kidole chake kilianza kushuka hewani, mstari kwa mstari, mpaka kikasimama.

"Hizi springi za mbele," akasema. "Nazo ni za kwenye lile daftari?"

"Nazo."

"Hukuzigusa?"

"Sijawahi, Mzee."

Alikohoa. Alitazama dari, kisha madirisha, kisha ufunguo mdogo mweusi uliokuwa bado unaning'inia shingoni mwake pamoja na msalaba, baada ya miaka yote hiyo, bila droo yoyote ya kufungua. Akavuta kiti cha pili mpaka kikagusana na changu.

"Kaa," akasema. "Na hao wenye simu, waambie wasiondoke."