Mstari Unaotafutwa

Jumapili, saa nne na robo asubuhi, msomaji alisimama kushoto kwa mimbari kama alivyosimama kwa miaka kumi na mmoja, miwani puani, Biblia mkononi, akisubiri kuambiwa. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo ya shule, lakini hapo kanisani kazi yake ilikuwa moja. Mchungaji alihubiri mikono mitupu. Alitaja kitabu, sura na mstari, akasema "Soma!", naye akasoma. Akitaka kukazia alisema "Soma tena!", naye akasoma tena.

Siku hiyo mahubiri yalikuwa yamepamba moto. Mchungaji alisema watu wanayajua maduka ya dawa kuliko wanavyomjua Mungu. "Maana imeandikwa," akasema, "amezaye kidonge amemeza shaka. Soma!"

Hakutaja sura. Msomaji alimtazama yeye, kisha akakitazama kitabu, na kitabu kikaanza kujifunua. Kurasa zilipita zenyewe, bila upepo, kwa mwendo wa mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Zilipofika Ufunuo zikarudi Mwanzo, zikaanza upya. Biblia za waumini nazo zikafuata, kanisa zima likajaa mchakacho. Mama mmoja aliweka mkoba juu ya yake ili asikie mahubiri vizuri.

"Soma!" mchungaji akarudia.

Safu ya pili alikaa mdogo wake msomaji, dobi, mwenye kifafa tangu utotoni. Alikuwa hajaanguka kwa miaka mitatu, na hilo lilitokana na vidonge viwili, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Alikuwa amemkazia dada yake macho. Watu mia mbili wengine walikuwa wamemkazia macho pia. Msomaji aliogopa. Kurasa hazikumtisha, kilichomtisha ni kile kimya cha watu wanaongoja. Akasema, kwa sauti yake ileile ya kusomea:

"Amezaye kidonge amemeza shaka."

"Soma tena!"

Akasoma tena. Jumatatu asubuhi dobi hakumeza.

Watu walizoea upesi. Wengine walizifunga Biblia zao kwa kamba za viatu. Bibi mmoja mwenye moyo mwepesi alikuwa akiisogeza yake karibu na uso wakati wa joto, akisema angalau sasa inampepea. Mwalimu wa watoto alifundisha alichokumbuka, na asichokumbuka alikiruka. Mzee wa kanisa alipoulizwa itakuwaje, alijibu bila kuinua kichwa, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Subirini tu." Hakuna aliyesoma chochote juma lile, maana ukurasa unaokimbia hausomeki.

Jumatano msomaji alikwenda kwa mdogo wake. Alimkuta anapiga pasi ya mkaa, rundo la mashati likimfika kiunoni.

"Dawa umemeza?"

"Dada, usianze."

"Ule mstari haumo."

Dobi aligeuza kola. "Uliusoma."

"Niliogopa. Nilisema alichosema yeye."

"Nilikusikia kwa masikio yangu haya. Mara mbili."

"Nakwambia haumo, mdogo wangu. Kitabu hiki nimekisoma jalada hadi jalada mara tisa."

"Sasa kama haumo, mbona chenyewe kinautafuta? Kuna mtu anatafuta kitu ambacho hakipo?"

Msomaji alikuwa na la kujibu. Alimweleza mahali mtume anapomshauri kijana wake anywe mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, wala hakumwita mwenye shaka.

"Nionyeshe," dobi akasema. Alisema kwa moyo safi kabisa, alitaka kuonyeshwa.

Wakainama wote wawili. Waraka ule ukapita. Msomaji alitia kidole, ukurasa ukateleza chini yake. Baada ya dakika nne ukapita tena, akaukosa tena. Mwishowe akausema kwa kichwa, neno kwa neno.

"Huu unausema kwa kichwa," dobi akasema. "Ule uliusoma."

Kidole gumba chake cha kushoto kikaanza kucheza juu ya shati. Wote wawili waliijua ishara hiyo. Msomaji alimnyang'anya pasi akaiweka sakafuni, mbali, na akamshika mabega. Kidole kikatulia.

"Umeona?" dobi akasema. "Kimeacha chenyewe."

Tangu hapo kila kilichoanguka, sufuria, ufagio, ndoo ya jirani, kiliupasua moyo wa msomaji.

Ijumaa alikwenda kwa mchungaji. Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewahi kubeba wagonjwa mgongoni mwake. Alimkaribisha chai. Biblia yake ilikuwa mezani chini ya tofali, ikihangaika. Msomaji alimwambia yote, hata habari ya kidole.

"Mstari huu nimeusikia tangu nikiwa mdogo," mchungaji akasema. "Marehemu baba aliusema kila siku. Una maana baba alidanganya?"

Hakuwa anamtisha. Aliuliza kweli, na mkono wake ulikuwa juu ya tofali, akilikandamiza.

"Mdogo wangu ataanguka juu ya pasi," msomaji akasema.

"Tutamwombea. Wewe soma tu, mama. Ukipatikana tutashukuru pamoja."

Jumapili akasimama mahali pake. Alikuwa ameamua tangu asubuhi. Mchungaji alifika palepale pa kidonge na shaka, akasema, "Soma!"

Msomaji alifunga mdomo.

"Soma!"

Aliiweka Biblia juu ya mimbari, ikaendelea kujifunua. Akavua miwani. "Haumo," akasema, lakini sauti haikutoka, na safu ya kwanza tu ndiyo iliyoona midomo yake ikicheza.

Safu ya pili, dobi aliona dada yake amekwama mbele za watu, amevua miwani, hana sauti. Akamwonea huruma. Akasimama, akamtazama kwa upendo kama wanavyosaidiana watoto wa mama mmoja, akaanza kuusema mstari ule kwa niaba yake, na kanisa zima likamfuata.