Ndoo ya Salamu Maria Tisa

Magdalena alikuwa na saa yake ya kupimia maji, nayo haikuwa na mishale. Akikinga ndoo kwenye chemchemi ya ukoo, huko juu Mgeta, alianza kusali, na ndoo ikajaa kwa Salamu Maria tano. Hiyo ilikuwa zamani. Mwaka huu ilijaa kwa tisa, na tangu hapo roho yake haikutulia. Alizidisha chumvi kwenye uji, akawagombeza kuku bila kosa. Watu wakasema ni uzee. Uzee gani, na mtu anapanda mlima na tenga la kabichi kichwani!

Kisa ni kabichi hizo hizo. Tangu biashara iwe ruksa, malori ya Dar yalikuja kugombea mboga, na kila mwenye jembe alitaka shamba jipya. Sasa kaka yake, Alois, mzee wa ukoo na mgawaji wa ardhi, alikuwa ametangaza kwamba Jumamosi miti ya chemchemi itakatwa. Magdalena alimsihi mara mbili. Alois alimjibu kwa kukohoa.

Basi, dawa ya moto ni moto. Ijumaa asubuhi Magdalena, aliyeimba kwaya miaka thelathini, alichana pindo la kaniki yake kuukuu, akalifunga kwenye mti mkubwa. Chini yake akaweka chungu na unga wa mtama, kama wazee walivyofanya walipoiomba mizimu. Akatubu kwa Mungu papo hapo, asije akasahau.

Jumamosi wanaume walifika na mashoka, wana wawili wa Magdalena wakiwa mbele. Walipoiona kaniki, miguu iligoma. Alois akatetemeka kuanzia magotini mpaka kwenye ndevu.

"Wazee wamekataa!" akapiga kelele. "Aliyechoka kuishi akate!"

Hakuna aliyechoka. Nyuma ya migomba, Magdalena alijiziba mdomo kwa kanga asicheke.

Jumatatu alikwenda kuteka maji. Kwenye mti wa pili kilining'inia kipande kingine cha kaniki, ambacho yeye hakukifunga. Akafanya ishara ya msalaba. Kisha akamwona Alois amechuchumaa mbele ya ndoo, midomo ikimcheza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nyamaza kwanza, utanipotezea hesabu." Ndoo ikajaa. "Kumi!"

Magdalena aligeuka kukitazama kile kipande mtini.

"Kaniki hii tuligawana kwenye msiba wa mama," Alois alisema. "Nusu yako, nusu yangu. Ulidhani sitaijua?"

"Sasa ulitetemeka nini?"

"Wanao wamenisakama mwezi mzima nikate miti. Ningewaambiaje? Kwamba mjomba wao, na ndevu zote hizi, hapati usingizi kwa ajili ya chemchemi?"

Magdalena akakaa juu ya jiwe. Miezi yote hiyo alidhani hofu ile ni yake peke yake, kumbe ilikuwa inalala nyumba ya pili. Alitaka kulia, akajikuta anacheka.

"Kumi ni uongo," alisema, akiteka ndoo yake. "Wewe unasali mbiombio tangu utotoni. Tuanze upya, pamoja."

Wakasali polepole. Ikawa tisa, tisa ile ile. Lakini siku hiyo uji wake haukuzidi chumvi.